Mkausha Samaki wa Nchelenge Aliyeacha Kukesha

Saa mbili asubuhi wanawake wa Nchelenge wanapanda kutoka ufukweni, macho mekundu. Wamekesha na samaki. Moshi umewaingia kwenye nywele na kwenye vitenge, na sauti zao zimekauka. Njiani wanapishana na mwanamke mmoja anayeshuka, beseni kichwani, makubazi ya tairi miguuni, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Mwangalieni Bana Beauty," anasema mmoja wao. "Jua limembishia hodi."

"Limebisha mara mbili," anajibu Dorica Chalwe bila kusimama. "Mara ya kwanza sikuitika."

Wanacheka, naye anacheka, kisha kila mtu anashika njia yake: wao kitandani, yeye kazini. Bana Beauty maana yake mama yake Beauty, na ndivyo anavyoitwa na pwani nzima tangu binti yake wa kwanza alipozaliwa.

Mchangani mume wake, Kalaba, anachomoa samaki kwenye nyavu. Samaki hao huitwa pale, ni wale wapana wa jamii ya perege ambao Ziwa Mweru linawalisha watu wake. Dorica anaketi juu ya gogo, anachukua kisu, anampasua wa kwanza mgongoni toka kichwa hadi mkia, anamlaza wazi, anatoa utumbo, anapaka chumvi. Hautazami mkono wake. Anatazama moto.

Moto wake hauko chini ya uchanja wa wazi kama wa wenzake. Uko ndani ya kitu kinachofanana na kibanda kisicho na paa: kuta tatu za udongo wa kichuguu zinazomfika kifuani, na upande wa nne uko wazi, umelipa ziwa mgongo. Watu wanakiita nyumba ya samaki. Wengine wanakiita kitanda cha Dorica, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kilijengwa ili mwenyewe apate kulala.

"Wacha waseme," anasema. "Kidole changu kiko."

Anainua mguu wa kulia kidogo. Dole gumba limepinda, halina ukucha, ngozi mpya inang'aa mahali palipokuwa na donda. Mwaka jana daktari alikuwa karibu kulikata.

Dorica ana miaka thelathini na tisa, kwa hesabu ya watu wa kwao. Alizaliwa Puta, akaolewa Nchelenge, na kazi ya kukausha samaki alifundishwa na mama mkwe wake, Bwalya, ambaye hadi leo anaishi uani kwake na kusema kila anachotaka.

"Alikuja hapa hajui hata kupanga kuni," anasema Bwalya. "Samaki wake wa kwanza, mbwa waliwanusa wakaondoka."

Miaka sita iliyopita Dorica naye alianza kukauka. Alikunywa maji na kiu haikuisha. Aliamka kukojoa, akanywa tena, akaamka tena. Nguo zilimlegea kiunoni hadi akawa anazifunga kwa kamba ya nyavu. Kalaba alimpakia kwenye lori la samaki, juu ya magunia, mpaka hospitali ya misheni. Huko waliambiwa ni ugonjwa wa sukari. Mwili wake umeshindwa kuitumia sukari inayotoka kwenye chakula, nayo inajaa kwenye damu na kumwagikia kwenye mkojo.

Tangu hapo anaishi kwa sindano ya insulini. Kila asubuhi, kabla ya kula, hupita dispensari ya Nchelenge kwa dresa Lackson Nkonde, mgawa dawa na mfunga vidonda wa hapo, kijana mrefu mwenye miwani ambaye huchemsha sindano yake kwa makini kama mtu anayepikia wageni. Dawa yenyewe Lackson anaihifadhi ndani ya chungu kilichozikwa kwenye mchanga wenye maji, nyuma ya dispensari. Wakati wa joto kali husaidiwa na Kapembwa, nahodha wa mashua ya Kasenga, upande wa Kongo, inayokuja kuchukua samaki wabichi. Kapembwa humwachia bonge la barafu ndani ya unga wa mbao.

"Ile barafu iko ya samaki," Kapembwa anasema. "Lakini samaki haina kuhesabu."

Kabla ya sindano huja kipimo. Lackson anadondosha mkojo kidogo kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya bluu, anakichemsha juu ya taa ya spiriti, nao wote wawili wanangoja. Rangi ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, iko kidogo. Njano ni nyingi. Ikigeuka nyekundu kama tofali, Lackson anavua miwani yake na kuanza kuuliza maswali.

Kwa muda mrefu alikuwa akivua miwani karibu kila siku.

Ili kuelewa kilichokuwa kikitokea, ni lazima kujua jinsi samaki wa Mweru wanavyokaushwa. Wavuvi hutega nyavu jioni na kuziinua alfajiri. Wanawake hupasua samaki mchana na kungoja jua lizame, kwa sababu mchana upepo wa ziwa hauna simile. Unapuliza moto chini ya uchanja mpaka ndimi zinalamba samaki, na samaki aliyelambwa na moto hanunuliwi. Usiku upepo unalala. Hapo ndipo moto huwashwa, mdogo, wa moshi mwingi, na mwenye samaki hukaa pembeni yake akigeuza, akinyunyiza maji, akifukuza mbwa. Mafuta yakidondoka kwenye makaa, moto unaruka. Mwenye samaki akisinzia kidogo tu, kazi ya siku nzima inakuwa mkaa.

Dorica alifanya kazi hiyo tangu alipoolewa. Alijua kukesha kuliko alivyojua kulala. Asubuhi alikwenda dispensari akiwa ananuka moshi, na kichupa kikawa chekundu.

"Umekunywa chai kwenye mashua," Lackson alimwambia.

Kweli alikuwa akinywa. Mashua za Kasenga zilifika alfajiri, na mabaharia wake hawajui chai isiyo na sukari. Mwanamke aliyekesha akipewa kikombe cha moto hakatai.

"Nimekunywa, Bwana Dresa."

"Basi usinywe."

Aliacha. Kichupa kikabaki chekundu. Lackson alimwambia apunguze ubwali, ugali wa muhogo unaoliwa na kila mtu huku, na Dorica akapunguza mpaka Bwalya akaanza kuhesabu matonge yake kwa sauti. Wekundu ukapungua kidogo tu.

"Unanificha kitu, mukwai," alisema Lackson siku moja. Alitumia neno la heshima, lakini uso wake haukuwa na heshima nyingi.

"Nikufiche nini? Nyumba yangu haina hata mlango wa kufunga."

Alitoka dispensari akiwa na hasira, na hakumkasirikia Lackson peke yake. Alikuwa amefuata kila alichoambiwa. Mwili wake ulikuwa ukimsemea uongo mbele ya watu.

Kisha ikaja ile siku ya kiangazi cha 1955. Dorica alikuwa amepiga magoti kando ya uchanja wake, akigeuza samaki, akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Alidhani ni samaki. Aliwainua mmoja mmoja, akawatazama chini, hakuna aliyeungua. Harufu ikazidi. Ndipo wifi yake, Mwaka, aliyekuwa akishughulikia moto wa jirani, alipomwonyesha mguu. Kaa la moto lilikuwa limekaa juu ya dole gumba, na Dorica hakusikia chochote.

"Hilo ndilo lililonitisha," anasema. "Moto sikuuogopa. Niliogopa kwamba haukuniuma."

Ugonjwa wa sukari ukikaa muda mrefu bila kutulia, hufanya miguu ife ganzi. Vilevile hufanya donda lisitake kupona. Wiki zilipita, donda likawa linapanuka badala ya kufunga. Daktari wa misheni, ambaye hupita Nchelenge kwa gari mara chache kwa mwaka, aliligusa kwa koleo lake dogo, akazungumza na Lackson kwa Kiingereza, na Lackson akatafsiri bila kumtazama Dorica machoni.

"Anasema atarudi mvua zikianza. Kama donda litakuwa bado wazi na sukari bado iko juu, atakata kidole. Hataki kungoja lifike kwenye mguu."

Dorica aliuliza swali moja: mtu aliyekatwa kidole hicho anaweza kubeba kuni? Lackson alimwuliza daktari. Daktari alisema anaweza, kama kidole peke yake kitatosha.

"Lile 'kama' nilienda nalo nyumbani," anasema Dorica.

Nyumbani, Bwalya alikuwa na maelezo yake tayari. Alikuwa ameyafikiria siku nyingi na hakuona sababu ya kuyaficha.

"Ni ule moto," alisema. "Unakaa nao usiku kucha, unaingia kwenye mkojo wako. Ndiyo maana kichupa kinakuwa chekundu. Jumatatu kinakuwa kijani, au sivyo?"

Ilikuwa hivyo. Watu wa pwani hii ni wa kanisani. Jumamosi jioni hawategi nyavu, kwa hiyo Jumapili hakuna samaki, na Jumapili usiku hakuna moto. Jumatatu asubuhi kichupa cha Dorica kilikuwa cha kijani, na mara moja moja karibu bluu. Yeye mwenyewe alikuwa ameliona jambo hilo na kuliacha. Lackson pia alikuwa ameliona, lakini alikuwa na jibu: Jumapili mashua za Kasenga haziji, kwa hiyo hakuna chai.

"Na sasa chai ameiacha," Bwalya alisema. "Mbona Jumatatu bado ni ya peke yake?"

Dorica alimpelekea Lackson maneno hayo ya mama mkwe. Lackson alicheka mpaka akaishika meza. Moto hauingii mwilini, alisema, na rangi ya kichupa inatokana na dawa. Kisha akaacha kucheka na kuvaa miwani yake.

"Lakini Jumatatu ni ya kweli," alisema. "Mama yako ameona sawasawa. Tutafute ni nini."

Siku zile alifariki mzee mmoja jirani yao. Kwa desturi ya huku, watu hulala msibani, na kulala ni jina tu: wanaume huota moto nje, wanawake hujaa ndani na kuimba nyimbo za dini mpaka kuche. Asiyefika husemwa. Dorica alikwenda siku zote za matanga. Hakuwasha uchanja wake, hakugusa chai, alikula sehemu yake ileile ya ubwali na mboga. Kila asubuhi kichupa kilikuwa tofali tupu.

"Umeona?" Lackson alimwambia Bwalya, aliyekuwa amemsindikiza mkwe wake ili ashuhudie mwenyewe. "Huko hakukuwa na moto wa samaki."

"Kulikuwa na moto wa msiba," Bwalya alijibu. "Mkubwa kuliko wa samaki."

Mwaka ndiye aliyevunja ubishi, naye alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amechoka kuusikia.

"Basi alale palepale motoni," alisema wifi huyo. "Mimi nitageuza samaki wake na wangu. Yeye alale karibu na makaa, kama moto unaingia uingie."

Wakafanya hivyo. Dorica alitandika mkeka kando ya uchanja wake, karibu kiasi cha kutoka jasho, akajifunika kitenge usoni na kulala. Usiku wa kwanza alishtuka kila mafuta yalipodondoka, na asubuhi kichupa kilikuwa cha njano. Usiku wa pili alilala zaidi. Kufikia mwisho wa juma alikuwa akilala toka jioni hadi ndege wa kwanza, moto ukiwaka pembeni yake, na kichupa kikawa cha kijani kama majani mapya ya muhogo.

Bwalya alikichukua mkononi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuzageuza.

"Basi si moto," alisema. "Ni macho. Macho yakikaa wazi, sukari haiendi kulala."

Lackson anasema hajapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo, na hadi leo anawapa wagonjwa wengine kwa maneno hayohayo.

Lakini kujua ni jambo moja. Mwaka hakuweza kukesha kwa ajili ya watu wawili milele; alikuwa na samaki wake na watoto wake, na macho yake nayo yalikuwa mawili tu. Kalaba alisema heri Dorica aache kazi kabisa, wale samaki wabichi wote wauzwe kwa Mgiriki mwenye mashua za Kasenga. Dorica alikataa.

"Samaki mbichi bei anaisema Mgiriki," alimwambia mumewe. "Samaki mkavu bei naisema mimi."

"Na kidole?"

"Kidole nacho nitakisemea."

Alianza kufikiria upepo. Kama usiku ulipendwa kwa sababu upepo umelala, basi mchana alichohitaji ni mahali ambapo upepo haufiki. Alijaribu mikeka ya matete, ikashika moto. Alijaribu mabati ya mapipa. Yakawa moto kama kikaango, na samaki wakaiva upande mmoja. Siku moja akiwa njiani kutoka kuchanja kuni alipumzika nyuma ya kichuguu kikubwa, upande usio na upepo, akaona majani makavu chini yake yametulia kabisa huku miti juu ikiyumba.

Aliomba jembe la jirani. Kalaba alimkuta akibomoa kichuguu, donda limefungwa kwa matambaa na jani la mgomba juu yake ili udongo usiingie.

"Unamtafuta nani humo?" aliuliza.

"Ukuta."

Kalaba alimnyang'anya jembe, akamwambia akae chini, na kuanza kuchimba mwenyewe. Alichimba siku hiyo na siku zilizofuata, na jioni wavuvi wenzake walipita kumwuliza kama anajenga kanisa.

Nyumba ya kwanza haikufaa. Ilikuwa imezibwa pande zote, na samaki kwenye uchanja wameziba juu, moshi ukakosa pa kutokea, samaki wakaiva kama waliochemshwa na kuvunjikavunjika mikononi. Wanawake walikuja kutazama, wakala mabaki, wakasifu mboga. Dorica alibomoa ukuta mmoja, ule ulio mbali na ziwa. Hapo upepo ukapita juu bila kushuka, na moshi ukatambaa taratibu chini ya samaki na kutokea nyuma.

Tangu hapo huwasha moto saa tatu asubuhi, wenzake wakiwa wamelala. Jua likishuka, anafukia makaa kwa majivu, anafunika samaki kwa magunia mabichi, na kwenda zake. Kesho yake anamalizia. Samaki wake wanachukua siku mbili badala ya usiku mmoja, na hilo lilimpunguzia mapato mwanzoni. Lakini hawaungui. Kapembwa, ambaye kando ya kazi ya Mgiriki hujinunulia samaki wakavu wa kuuza upande wa Kongo, aliwaona, akamvunja mmoja, akanusa.

"Mama Dorica, huyu samaki hana hata alama moja ya moto," alisema. "Batu ya Kasenga batauliza: huyu mama anakaushaka na nini?"

"Waambie anakausha na usingizi."

"Batasema niko naongopa."

Kulala hakukuwa mteremko mtupu. Baada ya majuma kadhaa, asubuhi moja nyumbani, saa chache baada ya sindano, Dorica alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka kama maji, maneno yakamkwama mdomoni. Bwalya alidhani ni malaria na kumfunika blanketi. Mwaka alikimbia dispensari. Lackson alikuja kwa baiskeli, akamtazama mara moja, akaomba kikombe, akatia maji na vijiko vya sukari na kumnywesha mwenyewe. Mwili uliopata usingizi ulikuwa umeanza kuhitaji dawa kidogo kuliko zamani, naye alikuwa akimchoma kipimo kilekile cha siku za kukesha. Siku hiyohiyo alikipunguza.

"Wewe ndiye uliyenikataza chai," Dorica alimwambia alipopata nguvu ya kusema.

"Leo ni mimi nimeipika," Lackson alijibu. "Kesho usizoee."

Mvua za kwanza zilinyesha, na gari la daktari likaja na matope hadi madirishani. Dorica alikaa kwenye benchi ya dispensari, mguu juu ya kiti. Mwaka alikuja, Bwalya alikuja, na Kalaba aliacha nyavu zake na kusimama mlangoni akijifanya amepita tu. Mkoba wa vyuma vya kukatia ulikuwa wazi mezani.

Daktari alifungua kitambaa. Aliinamia kidole kwa muda mrefu. Alikibonyeza hapa na pale, akauliza kama kinauma, na Dorica akasema kinauma kidogo, upande wa ndani. Alisema hivyo kwa furaha. Donda lilikuwa limefunga, limebaki shimo dogo kavu lisilozidi punje ya mtama. Daktari aliomba kichupa cha asubuhi. Kilikuwa kijani hafifu, kinakaribia bluu.

Aliuliza kwa Kiingereza, na Lackson akaeleza kirefu: Jumatatu, msiba, mkeka kando ya moto, kichuguu. Daktari alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasema kwamba vitabu vyake havizungumzi sana juu ya usingizi, lakini yeye mwenyewe ameona mwili ukiwa katika hofu au homa unavyomwaga sukari kwenye damu, kana kwamba unajiandaa kukimbia. Huenda mwili unaonyimwa usingizi kila siku unafikiri kuna hatari. Tena mtu aliyekesha hula bila kujua, mkono unakwenda wenyewe. Aendelee na sindano, alisema, aendelee na chakula chake, aangalie miguu yake kila jioni, na alale.

Akafunga mkoba.

"Hakati?" Bwalya aliuliza.

"Hakati, mama," alisema Lackson.

"Amefanya vizuri," Bwalya alisema, na kwenda kumwambia Kalaba mlangoni, ingawa Kalaba alikuwa amekwisha sikia na alikuwa akitazama mvua.

Leo nyumba za samaki za udongo wa kichuguu ziko tatu Nchelenge. Ya pili ni ya Mwaka, ambaye hana ugonjwa wowote. Anasema alichoka tu kuona wifi yake akinawiri peke yake. Wengine bado wanakesha kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na kwa sababu usiku una masimulizi yake, na Dorica hawalaumu.

Kigumu kwake kimekuwa msiba. Mara ya kwanza aliponyanyuka saa tatu usiku katikati ya nyimbo na kwenda kulala, maneno yalimfuata hadi nyumbani. Mmoja alisema kwamba mtu anayelala wakati wenzake wanalia ana yake. Dorica alirudi alfajiri kabla ya wote kutawanyika, akachota maji, akawasha jiko, akawapikia waliokesha wote na kuosha vyombo peke yake hadi mchana. Alifanya hivyo siku zote za matanga. Katika msiba uliofuata, wafiwa wenyewe walimtuma mtu jioni kumwambia akalale mapema, kwa sababu asubuhi watamhitaji.

Sasa moto umeshika sawasawa. Dorica anapanga samaki wa mwisho kwenye uchanja, anapangusa mikono na kutazama ziwa, upande wa kisiwa cha Chisenga. Huko ndiko alikoolewa Beauty, na Beauty ni mjamzito wa mimba ya kwanza. Mtoto atazaliwa kabla ya mvua kubwa.

Desturi inamtaka mama yake mzazi avuke akakae naye, ambebe mjukuu usiku ili mzazi apumzike. Dorica ameshaongea na Kapembwa, atavuka na mashua yake. Lackson atamfungia dawa ndani ya chungu kidogo chenye barafu na kumfundisha kujichoma mwenyewe. Ameanza kujifunza kwa kuchoma papai. Kilichobaki ni usiku. Juzi alimtumia ujumbe mama yake mume wa Beauty, Bi Chola, kwamba wagawane: Bi Chola achukue usiku, yeye achukue mchana wote, toka mtoto anapofumbua macho hadi taa zinapowashwa, na kuogesha ni juu yake, na kupika ni juu yake.

Jibu limerudi jana kwa mdomo wa Kapembwa, ambaye alilikariri akiwa bado ndani ya mashua ili watu wote ufukweni wasikie. Bi Chola anasema hajapata kuona bibi wa aina hiyo, anayepangia mtoto mchanga saa kama muzungu wa ofisini. Anasema pia kwamba usiku anautaka, kwa kuwa watoto wachanga wanapendeza zaidi usiku, na asidhani atarudishiwa.

"Jibu langu nimeshakupa?" Dorica alimwuliza Kapembwa.

"Bado haujaniambia kitu, mama."

"Mwambie asante. Halafu mwambie mchana ndio mtoto anaanza kujua sura za watu, na atakayoijua kwanza ni yangu."

Anaingiza kuni moja motoni, anasogeza nyingine nyuma kidogo, na kuketi juu ya gogo lake. Mchana bado mrefu.